Mkavu wa Ukoo

Barua ya Angetile ilikuwa fupi. Tulinagwe Mwasomola aliisoma mezani kwake saa tatu asubuhi, kikombe cha chai mkononi, ukungu wa Mbeya ukiwa bado umelalia dirisha.

"Mke wangu aliumwa na nyoka shambani. Dawa ilikuwepo dukani. Fedha zilikuwepo kwenye simu. Kibindo kikakataa kulipa kwa sababu nilikuwa naogopa. Naomba kumuuliza aliyekitengeneza: nilipaswa nifanyeje? Nisiogope?"

Aliyekitengeneza aliiweka barua juu ya nyingine sita, akazigonga kingo mezani mpaka zikalingana, akanywa chai yake.

"Hiyo ya nyoka imenishinda," alisema Bi Zamaradi, mkurugenzi wake, akiwa amesimama mlangoni. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa machozi, na asubuhi hiyo macho yalikuwa yamemvimba. "Nimeisoma garini, nimelia, sasa nashindwa hata kulipia maegesho. Nimejaribu mara mbili. Mlinzi wa Kibindo amenigomea."

"Pole. Nikulipie?"

"Nilipie, mwanangu. Yule askari wa maegesho ameshaanza kunizungukia."

Tulinagwe aliinua simu, akagusa kioo kwa kidole chenye pete nyembamba ya kijivu, pete ambayo kila mwenye Kibindo, pochi ya fedha ya kwenye simu, huivaa. Pete ilisoma mapigo ya moyo, jasho la ngozi na joto la damu, ikalinganisha na hali ya kawaida ya Tulinagwe mwenyewe, si ya mtu mwingine, kisha Mlinzi, sauti ya kiume yenye adabu, akasema: "Kumi na nne. Umetulia. Malipo yamepita."

"Kumi na nne!" Bi Zamaradi akatikisa kichwa. "Na barua umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Na?"

"Inasikitisha," Tulinagwe akasema, kwa sauti ile ile ambayo angeitumia kumtajia mtu saa.

Bi Zamaradi alimtazama kidogo, akaachana naye. Wafanyakazi wote wa Kibindo walishamzoea. Akaweka karatasi moja mezani. "Saa kumi kamili nataka neno lako. Ama tunafungua mlango wa hospitali, ama tunaufunga tuufute kabisa. Bodi haitaki kuendelea na maneno ya labda."

* * *

Ukitaka kuelewa kwa nini mtu mwenye akili timamu alitengeneza kitu cha namna hiyo, mtazame kwanza mama yake. Marehemu mama yake aliuza mchele, na miaka kumi iliyopita vijana watatu waliingia jikoni kwake saa saba mchana, wakamwekea panga shingoni, wakamwambia afungue simu. Akataja namba ya siri, nani asingetaja? Simu ikataka uso, wakamwinua kidevu. Ikataka kidole gumba, wakakikandamiza kwenye kioo mpaka kikavunjika kiungo. Kila kufuli lilifanya kazi yake barabara, na kila kufuli likafunguka, maana mwenye funguo alikuwepo. Miaka ile nchi nzima ilikuwa inaibiwa hivyo.

Tulinagwe, binti yake, fundi wa usalama wa programu za simu, alikaa miezi minne na swali moja: ni kitu gani ambacho mwizi hawezi kukulazimisha ukitoe? Namba utaitoa, kidole utakitoa. Utulivu huwezi kuutoa ukiwa na panga shingoni, hata ukiambiwa utauawa, na hapo ndipo hasa huutoi. Basi akamwandika Mlinzi na kumweka ndani ya Kibindo. Hofu hupimwa kutoka sifuri hadi mia. Ikizidi sitini, malipo hushikwa kwa saa sita, na ndani ya saa hizo mwenye fedha anaweza kuyafuta. Katika mwaka mmoja wizi wa panga ukaisha. Mama yake alikufa kitandani kwake, kwa ugonjwa, kidole kikiwa bado kimepinda.

Lakini binadamu ukimfungia mlango hutafuta dirisha. Watu walipoona kwamba mwenye kilio hawezi kununua sanda, wala mwenye mgonjwa hawezi kulipa daktari, kila ukoo ukachagua mkavu wake. Zamani kumwita mtu mkavu wa macho lilikuwa tusi. Sasa ni cheo. Mkavu ndiye anayelipa siku ya balaa, na ili asitikisike, haambiwi balaa lenyewe. Mjumbe wa ukoo humpigia, humsalimu, humtania kidogo, humtajia namba ya kulipia, basi. Mkavu haulizi. Akishalipa ndipo huambiwa, na ndipo analia na wenzake kama anaweza.

Waliomeza vidonge vya kutuliza moyo wakaumbuka mapema, kwani Mlinzi alivitambua kwenye jasho. Alitakiwa mtu mkavu wa asili.

Ukoo wa Mwasomola haukuhangaika kutafuta. Kwenye maziko ya mama, miaka mitatu iliyopita, wadogo zake walizimia na wajomba walilia kama watoto. Tulinagwe alisimama kando ya kaburi akihesabu viti vya kukodi ili virudi vyote. Hakuwa anajikaza. Alilitafuta chozi akalikosa, na tangu siku ile hakulitafuta tena. Jioni yake Mjomba Ambokile aliitisha kikao na kusema kwa heshima zote, "Wazee wenzangu, mkavu tunaye." Wakampigia makofi.

* * *

Mlango wa hospitali ulikuwa wazo la Bi Zamaradi: malipo yoyote yanayokwenda hospitali yapite bila kupimwa. Walikuwa wameujaribu katika wilaya moja kwa wiki mbili. Zikasajiliwa zahanati kumi na moja ambazo hazikuwa na hata bomba la sindano, na katika mojawapo mzee mkulima wa kahawa alipelekwa na panga mgongoni "akatibiwe". Alilipa akiba ya maisha yake, kisha wakampiga asije akasema.

Fungua, mama yake Tulinagwe anavunjwa kidole upya, katika kila kijiji. Funga, Angetile anazika mke. Tulinagwe aliitazama karatasi hii kama mtu anayetazama orodha ya vyakula hali hana njaa. Alijua lipo kosa kubwa mahali fulani, na alijua kwamba ingefaa limuume.

Saa nne na dakika ishirini simu ikaita. Alikuwa Masunga, mume wa mdogo wake Ikupa.

"Shikamoo shemeji," Masunga akasema.

"Marahaba."

"Habari za huko? Mvua... mvua zinanyesha?"

Masunga alikuwa Msukuma mpole, fundi wa matrekta, na tangu amwoe Ikupa hakuwahi hata siku moja kumpigia shemeji yake amuulize mvua. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kengele, na watu wakikimbia.

"Mjomba yuko wapi?" Tulinagwe akauliza, maana mjumbe wa ukoo alikuwa Mjomba Ambokile.

"Mjomba hapokei. Nimepiga mara saba. Shemeji, nakutajia namba ya hospitali hapa Lusyelo, wewe lipia tu. Usiniulize kitu. Mvua, eeh, huku zinanyesha sana..." Pumzi ikamkatika. "Ni Ikupa. Anatoka damu, shemeji. Wamesema kondo la nyuma limeachia kabla mtoto hajatoka. Tupo nje ya chumba cha upasuaji na daktari yupo ndani kashavaa, lakini mlango unafunguliwa na mashine, nayo haifungui mpaka ione malipo. Mimi nimejaribu mara tatu, ya mwisho imenisomea tisini na sita. Analowanisha sakafu, Tulinagwe..." Akanyamaza ghafla. Aliporudi, sauti ilikuwa ya mtu aliyevunja chungu cha ugenini. "Nimekuambia! Mungu wangu, nimekuambia! Nimemuua mke wangu!"

Tulinagwe alikuwa ameshika simu kwa mkono mmoja. Aliusubiri moyo wake.

Ikupa alizaliwa yeye akiwa na miaka kumi. Alimbeba mgongoni mpaka mbeleko ikamchubua bega, alimfundisha kuhesabu kwa punje za mchele, na alimpeleka shule siku ya kwanza akiwa amemshika kola asitoroke. Aliyakumbuka yote hayo, moja baada ya jingine, kwa usahihi. Aliusubiri moyo kama mtu anayesubiri lifti, na lifti haikuja.

Akaandika namba ya hospitali ya Lusyelo, akagusa kioo.

"Kumi na moja. Umetulia. Malipo yamepita."

Ndani ya simu alisikia mlango mzito ukiteleza, magurudumu ya kitanda, na mwanamke akisema kwa ukali, "Pisheni!" Kisha Masunga, akilia waziwazi: "Asante shemeji. Asante. Mungu akutunzie moyo wako huo huo."

Simu ikakatika. Tulinagwe aliitazama ile kumi na moja mpaka kioo kikazimika chenyewe. Asubuhi, alipolipia maegesho, ilikuwa kumi na nne.

* * *

Gari la kampuni lilimpeleka Lusyelo bila dereva na bila haraka, kati ya migomba na mashamba ya chai. Njiani Mjomba Ambokile akapiga. Asubuhi yote alikuwa kwa daktari wa meno, mdomo wazi, simu ndani ya koti lililotundikwa mlangoni, na sasa midomo yake ilikuwa bado na ganzi kiasi kwamba maneno yalimdondoka kama ugali.

"Nimeambiwa yule kijana kakwambia kabla."

"Ndiyo, mjomba."

"Na ukasomeka ngapi?"

"Kumi na moja."

Mjomba akavuta pumzi kwa mshangao. "Kumi na moja! Hatukukosea kukuchagua, mwanangu. Kumi na moja!"

Tulinagwe alishukuru, kwa kuwa mjomba hushukuriwa.

Ikupa alikuwa hai. Mtoto alikuwa hai pia, msichana mdogo kama paka, amelazwa katika sanduku la joto upande wa pili wa korido. Ilipofika saa tisa Ikupa alikuwa ameamka kwenye dawa ya usingizi, midomo imempauka, mkononi damu ya mtu mwingine ikimwingia taratibu kutoka mfukoni. Masunga alikuwa amekaa miguuni pa kitanda, ameshika vidole vya miguu ya mkewe kana kwamba vingeondoka.

"Dada," Ikupa akasema.

"Nipo."

"Wamenisimulia. Umenilipia wewe." Alimeza mate kwa shida. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hata katika hali ile alikuwa na jicho la mtu anayesubiri jibu. "Walikwambia kabla hujalipa, au baada?"

Masunga akatazama viatu vyake. Hakuna aliyemwomba Tulinagwe ukweli, na Masunga asingemtoboa. Neno moja tu, baada, lingemaliza mambo yote vizuri. Alilifikiria. Lakini tangu utotoni hakuwahi kumdanganya Ikupa, na hiyo ilikuwa karibu kitu pekee kilichobaki baina yao ambacho bado alikuwa na uhakika nacho.

"Kabla," akasema.

"Ikasoma ngapi?"

"Kumi na moja."

Ikupa akafumba macho.

"Mimi nikinunua vitunguu husoma ishirini," akasema. "Nashukuru, dada. Nashukuru kweli, mwanangu yu hai kwa ajili yako. Lakini nakuomba utoke nje kidogo."

Akatoka.

* * *

Koridoni muuguzi alimkabidhi mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. "Nguo za mgonjwa wako. Mzifue kwa maji baridi, ya moto yanagandisha doa. Na anaruhusiwa uji mwepesi, sukari kidogo."

Tulinagwe aliupokea, na mkono wake ukashuka. Mfuko ulikuwa mzito. Akadhani kuna kitu kingine ndani, labda viatu, akaulegeza fundo pale pale chini ya dirisha. Ilikuwa kanga moja. Aliijua kabla hajaiona vizuri: ya kijani, pindo limeshonwa kwa uzi mweusi kwa kuwa wa kijani uliisha. Ni kanga ya mama, ile ambayo Tulinagwe alimpa Ikupa ajifungulie. Uzito wote ule ulikuwa damu.

Alilifunga fundo tena, vizuri, mara mbili. Akashuka ngazi kwenda kununua uji.

Muuza uji alikuwa mama wa makamo mwenye meza, ndoo mbili zenye mifuniko na kioo kidogo cha kupokelea malipo kikining'inia shingoni kama kitambulisho. Akachota bakuli, akafunika. Tulinagwe aliinua simu, akagusa.

"Themanini na mbili," ile sauti ya adabu ikasema, ile ile aliyoichagua mwenyewe miaka tisa iliyopita. "Kuna dalili za hofu. Malipo yameshikwa kwa saa sita."

Alidhani pete imeharibika. Akaifuta kwenye sketi, na ndipo alipouona mkono wenyewe, namna unavyotetemeka. Alikuwa akihema kwa mdomo. Yule mwanamke aliyesomeka kumi na moja alikuwa hayupo tena. Alimwona Ikupa kitandani, damu ikidondoka sakafuni, nje ya mlango ule, akiwa bado hajalipiwa. Alimwona mara moja, halafu hakuacha kumwona.

Mama yule wa uji alikuwa ameinama kumkaribia, kama wauzaji wote walivyofundishwa kufanya wakiisikia sauti hiyo. Akasema kwa kunong'ona, bila kutazama nyuma: "Mwanangu, kuna mtu kakushikia kitu? Kama yupo, fumba macho mara moja tu, mimi nitapiga kelele."

"Hakuna mtu, mama." Machozi yalikuwa yanamfika kidevuni. "Ni mdogo wangu. Yuko juu. Amejifungua."

"Yu hai?"

"Yu hai."

"Na mtoto?"

"Yu hai."

"Sasa mbona unanitisha!" Akamsukumia bakuli. "Peleka uji ungali wa moto. Hela yangu naiona hapa." Akagonga kioo cha shingoni, ambako duara dogo la njano lilikuwa likizunguka polepole. "Imeshikwa, haijakimbia. Saa nne usiku itaingia yenyewe. Mimi nilikuwa naenda wapi?"

Tulinagwe alisimama na bakuli mkononi akilitazama lile duara. Alilichora yeye, ili muuzaji ajue fedha zipo na zinakuja. Miaka tisa hakuna aliyeuliza linamfaa nani. Mwizi hawezi kungoja saa sita. Hiyo ndiyo ilikuwa siri nzima ya Mlinzi. Mwizi anajua kwamba ukishaachiwa utazifuta. Lakini mama huyu anaweza kungoja. Hospitali yenye kuta, madaktari na anwani inaweza kungoja zaidi yake. Mlango wa upasuaji wa Lusyelo uliliona duara la njano la Masunga mara tatu asubuhi ile, na ukabaki umefungwa, kwa sababu yeye Tulinagwe, alipouandikia masharti, alimjua mlipaji mmoja tu, mwenye panga shingoni, na mpokeaji mmoja tu, mwenye kulishika.

Simu ikatikisika. Bi Zamaradi: "Saa kumi kasoro tano. Fungua au funga?"

Aliandika kwa kidole kimoja, bakuli limemwegemea kifuani. "Vyote viwili hapana. Fedha zishikwe kama kawaida. Ila hospitali ikiziona zimeshikwa, itibu. Ingoje yenyewe saa sita, mgonjwa asingoje. Asiyeweza kungoja, huyo ni mwizi, tumtoe Kibindo."

Jibu likaja upesi. "Watapiga kelele. Watasema kuna watakaotibiwa halafu wakafuta."

"Wapo," akaandika. "Wachache. Nimezoea kuwaogopa wachache." Akafikiri, akaongeza: "Mwandikie Angetile kwamba hakukosea. La, nitamwandikia mwenyewe."

Kisha akapanda ngazi, mfuko mkono mmoja, bakuli mkono mwingine, akigusa ukuta kwa bega kila baada ya hatua chache.

Ikupa alikuwa amegeukia dirishani. Masunga aliinuka kumpisha shemeji yake.

"Muuguzi kasema unywe uji," Tulinagwe akasema.

"Weka hapo."

"Sijaulipia."

Ikupa hakugeuka. "Kwa nini?"

"Kimekataa."

Kichwa kikageuka juu ya mto, taratibu, na lile jicho la mwalimu likamwangalia dada yake kuanzia mkono uliokuwa ukitetemeka mpaka kidevu kilicholowa.

"Ngapi?"

"Themanini na mbili."

"Kwa bakuli moja la uji?"

"Kwa bakuli moja la uji."

Ikupa akanyoosha mkono usio na sindano. "Njoo uninyanyue basi, dada," akasema. "Siwezi kunywa nimelala."

Tulinagwe alimpitishia mkono mgongoni, kama zamani, akamwinua. Uji ulimwagika kidogo shukani kwa kule kutetemeka, na hakuna aliyehangaika kuufuta.